Mwalimu, nikisomeje hiki kitabu cha Tshibumba?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu, tuko tisa, na zamu hii nimepangiwa mimi kuwasilisha. Nimeazimwa Remembering the Present cha Johannes Fabian, kinahusu maisha na kazi za mchoraji wa Lubumbashi huko Kongo anaitwa Tshibumba Kanda-Matulu. Kusema ukweli nimekwama. Picha zinanikumbusha zile za kwenye kuta za saluni na mabaa, mchoraji anasimulia vitu visivyofanana na historia niliyosoma shule, Lumumba anamfananisha na Yesu, halafu nusu ya pili ni profesa anaongea lugha ngumu. Hiki ni kitabu cha sanaa au cha historia? Nianzie wapi, maana nina wiki tatu tu? Na je nimwamini huyu mchoraji?

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole na kukwama, ila nikwambie tu umekwama mahali pazuri sana. Nimefundisha uchoraji miaka mingi na hicho kitabu nimekirudia mara sijui ngapi, na kila nikikirudia naanza kwa kufanya kitu ambacho wewe hujakifanya bado. Nakifungua, naacha utangulizi, naenda moja kwa moja kwenye picha, na nachukua karatasi nyeupe nafunika maneno yote ya pembeni. Picha tu. Jioni nzima hivyo, bila kamusi bila google. Manake sisi tuliopita shule tuna tabia ya kukimbilia maandishi, tukiona picha tunaipa sekunde tatu halafu macho yanashuka chini kutafuta maelezo, na maelezo yakishatuambia hii ni nini basi hatuioni tena.

Lakini ngoja kwanza nikuweke sawa na stori yenyewe, kwa sababu nadhani umeingia katikati.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 mji ule ule, enzi hizo ukiitwa Elisabethville, jina la Lubumbashi limekuja mwaka 1966. Fabian alikuwa mwalimu wa chuo kikuu hapo Lubumbashi miaka ya mwanzo ya 1970, mtaalamu wa mambo ya jamii na tamaduni, Mjerumani. Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba akamtokea nyumbani kwake na picha za kuuza kama wachoraji wa mji ule walivyokuwa wanafanya, nyumba kwa nyumba, picha unabeba mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka 26 hivi. Sasa katika kuongea Fabian akagundua huyu jamaa hajitambulishi kama mchoraji tu, anajiita pia mwanahistoria, na ana hamu ya kuchora historia yote ya nchi yake mwanzo mpaka mwisho. Wakakubaliana. Akawa anachora, analeta, wanakaa chini na rekoda, anaeleza picha moja moja kwa Kiswahili. Mpaka inaisha zilikuwa picha 101, kuanzia kabla wazungu hawajafika, wanafika, mfalme Msiri, ukoloni, migodi, uhuru, mkoa wa Katanga kujitenga, mpaka rais Mobutu, na mwishoni kabisa mambo ambayo bado hayajatokea. Nazo hizo picha zenyewe sasa hivi ziko Uholanzi, kwenye makumbusho ya Amsterdam yaliyokuwa yanaitwa Tropenmuseum, siku hizi Wereldmuseum.

Umeona hapo? Kwa Kiswahili. Hicho kitabu unachokisoma kwa tabu na kamusi ya Kiingereza, sehemu ile ya maneno ya mchoraji imetoka kwenye Kiswahili! Tshibumba aliongea Kiswahili cha Katanga, kimechanganyika na Kifaransa, Fabian akatafsiri kwenda Kiingereza, na wewe sasa unakirudisha kwenye Kiswahili kichwani mwako, yaani maneno yamezunguka dunia yamerudi yamechoka. Na habari njema ni kwamba maandishi ya yale mazungumzo, Kiswahili chenyewe neno kwa neno, Fabian aliyaweka kwenye intaneti bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, yanaitwa Archives of Popular Swahili. Yatafute. Ukiyapata yafungue pamoja na kitabu, huku picha huku maneno yake, na hapo ndo utaanza kumsikia mtu.

Mwanzoni yatakusumbua, nakuambia mapema. Wenzetu wanasema njo pale tunaposema ndo, wanasema bazungu, batoto, kuja kwao ni kuya, na paka kwao sio mnyama, ni sawa na "tu" yetu. Usikimbie. Na tafadhali, nakuomba sana, usije ukasimama mbele ya kikundi ukasema jamaa anaongea Kiswahili kibovu. Hicho ni Kiswahili cha watu wa migodini, wametoka makabila kibao wakakutana kwenye kazi ya shaba wakajenga lugha yao ya mjini, wamezaa nacho, wamezikana nacho, na wameandikia historia yao nacho. Mwaka 1965 kuna mtu anaitwa André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hicho hicho, historia ya mji kama walivyoiona maboi na wafanyakazi wa majumbani kwa wazungu. Kwa hiyo Tshibumba hakuanza kwenye jangwa, kulikuwa na watu wanasimulia. Soma kwa sauti. Ukisoma kimya utaona makosa, ukisoma kwa sauti utasikia mzee anaongea barazani.

Sasa hilo la picha za saluni. Hujakosea, na wala usilionee aibu. Zinatoka kwenye familia moja. Hawa wachoraji wa Lubumbashi walikuwa wanachora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, rangi wanazopata, kazi ya haraka, na wateja wao wa kawaida walikuwa ni wafanyakazi, watu wa mgodi, reli, makarani, wanaotaka kitu cha kutundika sebuleni. Na kila aina ya picha ilikuwa na jina lake. Iliyouzika kuliko zote ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke nusu mtu nusu samaki, nadhani na wewe umeshawahi kumuona mahali. Nyingine inaitwa Colonie Belge, hiyo inaonyesha mfungwa anachapwa viboko, askari mweusi ndo anachapa na mzungu amesimama anaangalia.

Hebu fikiria hapo kidogo. Mtu amerudi kazini amechoka, anakaa kwenye kochi lake, ukutani ana picha ya mtu anachapwa viboko. Kanunua kwa hela yake. Kwa nini?

Jibu walilokuwa wanalitoa wenyewe ni neno moja la Kiswahili na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye barua yangu yote chukua hili: ukumbusho. Picha ni ukumbusho. Hawakuwa wanaulizana kwanza picha ni nzuri au mbaya, imefanana au haikufanana, walikuwa wanauliza inakumbusha nini. Picha ikishakaa ukutani inaanzisha maneno, mgeni akija anauliza, baba anasimulia, watoto wanasikia. Picha ni nusu, maneno ndo nusu ya pili. Kwa hiyo ukiichukua picha ya Tshibumba peke yake ukaitundika kwenye galari nyeupe na taa, umeikata mguu. Ndo maana kitabu kimepangwa vile, picha na maneno yake pamoja, na ndo maana mi nakuambia funika maneno kwanza, halafu yafunue, ili uone ni kitu gani maneno yanaongeza.

Tuchukue picha moja tukae nayo, ile uliyoitaja, ya kifo cha Lumumba.

Ifungue. Funika maneno. Unaona nini? Watu watatu wamelala chini wamekufa. Nyuma kule misalaba mitatu. Juu nyota sita. Sasa sogeza macho karibu, kama picha kwenye kitabu chako ni ndogo chukua simu ipige halafu vuta, angalia damu inayotoka ubavuni kwa Lumumba. Haijamwagika hovyo, inaandika. Imeandika Unité, umoja kwa Kifaransa. Mi mara ya kwanza niliiona hiyo picha mara nne tano bila kuiona hiyo damu vizuri, mwanafunzi ndo alinionyesha kwa kidole, nikanyamaza.

Funua maneno sasa. Tshibumba mwenyewe anaeleza kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire (Kongo ilivyoitwa enzi hizo), damu ya ubavuni ni ile ile ya msalabani, misalaba ni mitatu kwa sababu waliouawa walikuwa watatu, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, na nyota sita ni kwa sababu alikufa kwa ajili ya umoja. Bendera ya Kongo ya mwaka 1960 ilikuwa na nyota sita ndogo kwa mikoa sita. Na Katanga ndo ilikuwa imejitoa, Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru. Unaona jinsi kila kitu kimewekwa kwa hesabu? Hakuna alama ya bahati mbaya hapo. Mtu anayesema hii ni kazi ya saluni hajahesabu nyota.

Halafu sasa nenda kwenye historia uliyosoma. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake wawili walipelekwa kwa ndege Elisabethville, wakapigwa, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini nje ya mji. Kifo kilitangazwa Februari 13, karibu mwezi mzima watu hawajaambiwa. Na miili ilifukuliwa, ikakatwakatwa, ikayeyushwa kwenye tindikali ili pasiwe na kaburi la kwenda kulia. Hilo la tindikali lilikuja kuwekwa wazi na waliohusika miaka mingi sana baadaye. Familia ilichorudishiwa na Ubelgiji ni jino, jino moja, Juni 2022.

Rudi kwenye picha. Unaniuliza ina makosa? Misalaba haikuwepo, ni kweli. Damu haiandiki. Lakini angalia alichofanya: nchi nzima haina mwili, haina kaburi, haina hata picha moja ya maiti, na huyu kijana akawalaza watu watatu kwenye kitambaa miili ikiwa kamili, wana vichwa, wana mikono, mahali mtu anaweza kusimama akawaangalia. Na kumbuka alikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu hivi Lumumba alipouawa nje ya mji aliozaliwa. Sasa uniambie hiyo ni sanaa au historia. Mi naona swali lako la sanaa au historia ni makabati yetu ya shule, yeye hakuwa na makabati hayo.

Ila sitaki uelewe kwamba kila anachosema ukimeze. Hapana. Kumwamini na kumheshimu ni vitu viwili. Ana tarehe zinazopishana na za vitabuni, ana matukio ameyaunganisha, ana sehemu anasema kwa uhakika kitu ambacho hakuwepo. Chukua picha ya mauaji ya wafanyakazi wa mgodi waliogoma, Desemba 1941, kampuni ya migodi ya Union Minière, askari waliwapiga risasi watu kwenye uwanja wa mpira hapo hapo Elisabethville. Tukio ni la kweli kabisa. Lakini Tshibumba kazaliwa 1947! Kwa hiyo anachochora pale ni kile wazee walichokuwa wanasimulia mtaani miaka thelathini baadaye. Na hiyo ina thamani yake, sio ndogo, inakuambia mji ulikumbuka nini na ulikikumbuka vipi, nani walimweka mbele, nani walimsahau. Penye kupishana na kitabu cha shule usifute kimoja haraka, andika vyote viwili kwenye daftari, kulia na kushoto, halafu jiulize huyu amesikia kwa nani na yule amesoma faili la nani. Mafaili ya serikali ya kikoloni nayo yaliandikwa na watu wenye sababu zao.

Na kuna kitu kingine ambacho wasomaji wengi wanakiruka. Haya mazungumzo yanafanyika Zaire ya Mobutu, 1973 na 1974, chama kimoja, nchi imebadilishwa jina 1971, watu wameambiwa waache majina ya Kikristo, magazeti yanaimba wimbo mmoja. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, Mobutu huyo huyo ambaye wanajeshi wake ndo walimkamata Lumumba. Kwa hiyo kumchora Lumumba ilikuwa inaruhusiwa, lakini ni mpaka wapi? Ukisoma mazungumzo angalia pale anapoongea sana na pale anapopita haraka. Picha za zamani anamwaga maneno, akikaribia siku zake mwenyewe anakuwa makini. Mtu anaongea mbele ya rekoda ya mgeni, kwenye nchi ile, usitegemee aseme kila kitu, na kile ambacho hakusema kwa mdomo wakati mwingine kiko kwenye picha.

Hapo sasa tufike kwa profesa. Usimuogope Fabian lakini pia usimuanzie. Kosa lako, samahani kwa kusema hivyo, ni kwamba ulisoma kitabu kutoka mbele kwenda nyuma kama riwaya. Mi ningekushauri wiki ya kwanza picha tu kwa ile karatasi nyeupe, kama kumi na tano kwa siku hivi, na daftari unaandika unachokiona kwa Kiswahili chako cha kawaida, moshi, bomba la kiwanda, mzungu amevaa kofia, gari moshi. Wiki ya pili maneno ya Tshibumba. Wiki ya tatu ndo uchukue zile insha za mwisho, na hata hapo soma kwanza zile sehemu anapoeleza yeye na Tshibumba walikuwa wanakaaje, nani alikuwa anauliza, nani alikuwa analipa. Kwa sababu hili nalo ni la kweli na Fabian mwenyewe halifichi: bila mnunuzi huyu mgeni hizi picha 101 zisingechorwa. Mteja wa mtaani angenunua Colonie Belge moja, mamba muntu moja, basi. Hakuna sebule ya kutundika picha 101. Kwa hiyo kitabu kimezaliwa kati ya watu wawili, mmoja ana mkono na kumbukumbu, mwingine ana hela, rekoda na njia ya kwenda kwa mchapishaji, na wewe kila sentensi unayosoma jiulize hapa anaongea nani. Ni Tshibumba? Ni Tshibumba anajibu swali ambalo asingejiuliza mwenyewe? Ni Fabian anatafsiri? Ni Fabian anafikiri? Weka alama kwa penseli pembeni, kama sio chako weka vikaratasi. Ukifanya hivyo kurasa thelathini tu, macho yanazoea.

Maana ona kilichotokea baada ya hapo. Kitabu kimetoka 1996. Tshibumba hakukiona. Alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakusikika tena. Ukifika mwisho wa kitabu unatafuta ile sehemu ya kawaida ya vitabu vya wasanii, akafanya maonyesho, akapata tuzo, akafa mwaka fulani, hamna. Hii iliniumiza sana mara ya kwanza na bado inaniuma. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa watu wasisahaulike. Kwa hiyo ukiandaa uwasilishaji wako usijaribu kujaza hilo pengo kwa kubuni, na wala usilipite, liseme wazi, maisha yake tunayajua kupitia alichochora na zile kaseti.

Na mbele ya kikundi usijaribu kueleza picha 101, mtalala. Chagua nne tano. Hiyo ya Lumumba, ya uwanja wa mpira 1941, moja ya Msiri (mfalme wa Garenganze, aliuawa Desemba 1891 wakati watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, wanakuja kuchukua Katanga, na watu wa Bara kwenu huko wanyamwezi watashtuka kusikia alikuwa mtu wa kwao), moja ya Colonie Belge, na moja ya zile za mwisho anapochora yajayo. Zitoe kopi kubwa ya rangi, sio kwenye skrini ya simu, karatasi, ipite mkononi. Wape dakika tano kila picha wakiwa hawajui kitu, waseme wanachokiona. Utashangaa, yule ambaye hajawahi kusoma kitabu cha sanaa ndo atakuwa wa kwanza kuona ile damu inaandika.

Halafu soma maneno ya Tshibumba kwa Kiswahili chake, sio kwa Kiingereza. Kama kwenye kikundi au hapo mtaani kwenu kuna mtu aliyekulia Lubumbashi au hata Kalemie au upande wa Kigoma aliyezoea kuongea na watu wa ng'ambo ya ziwa, mwombe asome yeye. Mpe karatasi siku mbili kabla, asishtukizwe. Na mkae karibu karibu, picha ikiwa katikati ya meza.